Kokteli ya nyanya au bia? Kwanza jiulize una kiu au una njaa

Mkuu umeuliza hivi: kokteli tamu zimekushinda, sukari inakukaa kooni, unataka kinywaji chenye chumvi na viungo, ila hujui uangukie wapi kati ya kokteli za nyanya kama Bloody Mary (vodka, juisi ya nyanya na viungo) na bia, iwe bia tupu au hizi za kuchanganywa kama michelada, ambayo umeiandika kama bia ambayo lazima iwe na nyanya. Na Jumamosi una wageni nane. Nimesimama nyuma ya kaunta miaka sita kabla sijaiacha ile kazi, na mpaka leo familia ikikutana mi ndo napewa jagi na visu, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona na kuyaonja mwenyewe. Ni ndefu kidogo, vumilia.

Kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu analifanya ni kuvichukulia hivi vinywaji kama ndugu wa tumbo moja, kisa vyote havina sukari nyingi. Siyo ndugu kabisa. Bia ni kinywaji cha kiu, ina gesi, ni nyepesi, inashuka. Kokteli ya nyanya ni chakula ndani ya glasi, nzito, ina chumvi, ina uchachu, ina pilipili, unainywa kidogo kidogo kama unavyokunywa supu ya moto. Kwa hiyo mi mteja akiniuliza nimpe ipi sikuwa namuuliza anapenda ladha gani, nilikuwa namuuliza umekula? Mtu ambaye hajala na anasikia tumbo linamdai, nampa nyanya. Mtu ametoka juani au ametoka kucheza mpira, jasho linamtoka, huyo hata akiomba Bloody Mary namshauri aanze na bia baridi au maji, maana nimeona mara nyingi mno mtu wa namna hiyo anakunywa nusu glasi afu anaisukuma pembeni, anasema imemshinda, na kinywaji hakina kosa lolote, kosa ni la saa.

Na kinyume chake pia. Kuna mtu anakuja asubuhi ya mapumziko saa nne hivi, tumbo halina kitu, anaagiza bia, ya kwanza inashuka kwa taabu, ya pili inamjaza gesi, anaondoka amekasirika. Huyo ungempa nyanya yenye ndimu na pilipili manga angekaa nayo saa nzima ameridhika.

Sasa kwa nini nyanya inashibisha hivyo wakati ni juisi tu? Hapa nitakaa kidogo maana ndo kiini cha jambo. Mwaka 1908 mwanakemia wa Japani, Kikunae Ikeda, alichunguza mchuzi wa mwani akakuta kitu kinachoitwa glutameti ndo kinacholeta ile ladha ya tano ambayo siyo tamu, siyo chumvi, siyo chachu wala chungu, akaipa jina umami. Ni ile ladha ya mchuzi uliokolea, ya nyama iliyochemka muda mrefu. Nyanya iliyoiva vizuri imejaa hicho kitu, na sehemu yenye nyingi zaidi ni ule utelezi unaozunguka mbegu, ule ambao watu wanaukamua na kuutupa. Jaribu nyumbani: kata nyanya iliyoiva kabisa, lamba ule utelezi peke yake, afu tafuna nyama ya pembeni peke yake. Utaona utelezi una ladha kali yenye uchachu na uzito, nyama ya pembeni imepoa. Kwa hiyo ukisaga nyanya mwenyewe usitoe mbegu kabla ya kusaga, saga zote pamoja afu chuja, mbegu zibaki kwenye chujio na utelezi upite. Mi nilitupa utelezi karibu mwaka mzima bila kujua, nikawa nalaumu nyanya.

Kingine kinachohusiana na hapo. Umewahi kuona watu ambao chini hawagusi juisi ya nyanya ila wakipanda ndege wanaagiza? Watafiti wa chuo kikuu cha Cornell kule Marekani walitoa utafiti mwaka 2015 ulioonyesha kwamba kelele kubwa kama ya ndani ya ndege inapunguza ukali wa ladha ya sukari mdomoni na inaongeza nguvu ya umami. Nilipoisoma hiyo nikaelewa kitu nilichokuwa nakiona kazini: usiku wa muziki mkubwa kokteli za matunda zilikuwa zinarudishwa eti hazina utamu, za nyanya hata moja hairudi. Kwa hiyo Jumamosi yako kama kutakuwa na spika kubwa, nyanya itajitetea yenyewe. Kama ni mazungumzo ya taratibu tu nje, bia nyepesi inatosha.

Historia nitaipitia haraka, nachukua kile kinachokusaidia tu. Bloody Mary ina wanaoidai wawili. Mmoja ni Fernand Petiot, Mfaransa aliyekuwa anahudumia Harry's New York Bar mjini Paris, baadaye akaenda King Cole Bar kwenye hoteli ya St. Regis, New York, ambako kinywaji kiliitwa Red Snapper. Mwingine ni mchekeshaji wa Marekani, George Jessel. Petiot mwenyewe mwaka 1964 alieleza kwamba alipoipokea ilikuwa vodka na juisi ya nyanya tu, hakuna la zaidi, yeye ndo akaweka chumvi, pilipili manga, pilipili kali, sosi ya Worcestershire (ile sosi nyeusi ya Kiingereza yenye uchachu na chumvi) na limau. Hilo ndo nataka ulishike. Vodka na nyanya peke yake ni kinywaji kibovu, nakuambia kwa moyo wote, ni kama kunywa nyanya ya kopo iliyoongezwa moto. Kinachoifanya kuwa kinywaji ni viungo. Kwa hiyo kama uliwahi kuijaribu mahali ukaichukia, uliza kwanza ilikuwa na nini ndani, inawezekana hujawahi kuinywa.

Wakanada nao wana ya kwao, inaitwa Caesar, imetoka Calgary mwaka 1969, aliyeitengeneza anaitwa Walter Chell, alikuwa anawaza tambi za Kiitaliano zenye kombe wa baharini, wale wa magamba mawili, akachanganya ladha ya hao kombe na nyanya. Siku hizi inatumika juisi ya dukani ya Clamato, yaani nyanya iliyochanganywa na kombe. Ni nyepesi kuliko juisi ya nyanya tupu na ina chumvichumvi ya bahari. Mi binafsi naipenda kuliko Bloody Mary, ila ina hatari yake nitakuja kuieleza, na naomba usiiruke hiyo sehemu.

Tuje kwenye pombe yenyewe, maana hapa ndo watu wanaumia. Nyanya inaficha vodka. Inaificha kabisa. Kwenye kokteli ya limau au ya soda ukizidisha vodka ulimi unakuambia hapo hapo, kwenye nyanya yenye pilipili ule moto wa pombe unadhani ni pilipili. Piga hesabu na mimi. Kipimo cha vodka cha mililita 45 yenye asilimia 40 kina pombe halisi mililita 18. Bia ya mililita 330 yenye asilimia 5 ina mililita 16.5. Yaani Bloody Mary moja iliyopimwa vizuri na bia moja ni karibu kitu kilekile, na hata nguvu za mwili, kalori, zinakaribiana sana. Tatizo ni hilo neno, iliyopimwa. Bia imepimwa na kiwanda, huwezi kuikosea. Vodka nyumbani inamiminwa kwa jicho, mwenye nyumba ana furaha, mkono unakuwa mzito, ghafla kwenye glasi kuna mililita 80 au 90 na hakuna anayesikia. Mgeni anakunywa mbili anajua kanywa mbili, kumbe kanywa nne. Niliona hili kwenye sherehe ya nyumbani kwetu, aliyekuwa anamimina hakutumia kipimo, mjomba wangu alikunywa glasi tatu akiwa amekaa, anaongea vizuri tu, alipokuja kusimama miguu ikakataa, tukamshika wawili mpaka kitandani na mtu akakaa naye usiku mzima. Mjomba siyo mlevi, hajawahi kuwa. Tokea siku hiyo kipimo kinakaa mfukoni mwangu, na kama huna nunua, au tumia kijiko cha chakula, vijiko vitatu ni mililita 45.

Kwa hiyo kama hoja yako kubwa ni kujua umekunywa kiasi gani, bia inashinda, hamna ubishi hapo.

Haya, upande wa bia. Kwanza niweke sawa jambo moja kwenye swali lako, uliandika kama vile michelada lazima iwe na nyanya. Hapana. Huko Meksiko inakotoka, bia yenye ndimu na chumvi tu kwa kawaida inaitwa chelada, ikiongezwa sosi na pilipili inakuwa michelada, na nyanya wengine wanaweka wengine hawaweki, afu majina yenyewe yanabadilika ukienda eneo jingine. Kwa hiyo ukiagiza popote pale uliza mnaweka nini, usiende kwa jina.

Mi nilipokuwa naanza nilidhani kuweka chumvi kwenye bia ni kuiharibu. Mpaka mwenzangu wa zamu, dada mmoja aliyekuwa ananizidi uzoefu, alinipa glasi mbili za bia ileile, moja kaweka chumvi ya kubana kwa vidole viwili na ndimu, nyingine tupu. Ile yenye chumvi uchungu ulikuwa umepungua waziwazi, nafaka ikawa inasikika, kama mkate. Baadaye nikajua kwamba chumvi inazima uchungu ulimini, ni jambo linalojulikana kwenye elimu ya ladha. Kwa hiyo wewe ambaye unataka chumvichumvi ila pengine hupendi uchungu wa bia, chelada inaweza kuwa mlango wako, kabla hata hujagusa nyanya.

Ila aina ya bia ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Tumia lager nyepesi, ile ya rangi ya dhahabu isiyo na mbwembwe. Bia zenye hopsi nyingi (yale maua yanayoipa bia uchungu), hizi zinazoitwa IPA, ukichanganya na nyanya uchungu wake unagongana na uchachu, inabaki ladha kama ya chuma nyuma ya ulimi. Bia nyeusi nazo hapana, ile ladha ya kuungua na nyanya zinafanya kitu kama mchuzi ulioshika chini ya sufuria. Bia ya ngano inaenda vizuri. Na kuna bia ya Kijerumani inaitwa gose, yenyewe tayari imepikwa na chumvi na giligilani, ina uchachu, hiyo ukiipata inywe kwanza tupu, inawezekana ndo jibu la swali lako lote na usihitaji kuchanganya kitu.

Sasa namna ya kumimina, maana hapa nimefuta meza nyingi. Ukimwaga chumvi kavu kwenye glasi yenye bia, zile chembe zinaifanya gesi itoke yote kwa mkupuo, povu linapanda, linafika mdomoni mwa glasi na halisimami, linashuka pembeni jekundu mpaka kwenye kitambaa cha meza, na ukija kuinywa imelala, haina uhai. Dawa yake ni ndogo. Weka kwanza nyanya, ndimu, sosi na chumvi kwenye glasi, koroga mpaka usisikie tena mchanga wa chumvi chini ya kijiko. Afu inamisha glasi, mimina bia iteleze ukutani polepole, ukifika nusu simama, hesabu mpaka kumi, povu litashuka na kuacha duara jekundu la vidoto vidogo, endelea. Mwishoni koroga mara moja tu, kijiko kishuke mpaka chini na kupanda, basi. Ukikoroga kama chai umeua gesi. Glasi iwe baridi, bia iwe baridi sana, na barafu usiweke ndani ya bia kama unaweza, au weka kipande kimoja kikubwa.

Kwenye kokteli ya nyanya mambo ni tofauti, barafu unahitaji, ila usitikise. Petiot kwa maelezo yake alikuwa anatikisa, mi sikubaliani, pamoja na heshima zote. Juisi ya nyanya ukiitikisa kwa nguvu inakuwa na povu na inapoteza uzito wake, inakuwa maji. Chukua glasi mbili kubwa, mimina toka hii kwenda ile, rudisha, mara tano sita hivi na barafu ndani, inapoa bila kuvunjika.

Kama bado unasitasita kati ya hivi viwili kuna kinywaji cha kukupima, na ndo nilikuwa nawapa watu wote wa aina yako. Kule magharibi mwa Kanada wanaita Red Eye, sehemu za Marekani wanaita bia nyekundu, ni bia na juisi ya nyanya basi. Tia mililita 150 za bia na 150 za nyanya, ndimu kidogo, pilipili manga. Kunywa glasi hiyo moja taratibu na ujisikilize. Ukijikuta unatamani iwe nzito zaidi, iwe na pilipili zaidi, unatafuna barafu unatafuta kitu cha kula nacho, wewe ni mtu wa Bloody Mary au Caesar. Ukijikuta unatamani nyanya ipungue ili ishuke vizuri, wewe ni mtu wa michelada, na ukijikuta unatamani nyanya isingekuwepo kabisa rudi kwenye chelada. Imenifanyia kazi kwa watu wengi kuliko maelezo yoyote ya mdomo. Na hapo pombe ni mililita 7.5 tu, nusu ya bia ndogo, kwa hiyo bado una nafasi ya kuchagua kwa akili timamu. Ila angalia kitu kimoja, ukichukua chupa nzima ya bia ukaigawa kwenye glasi mbili za nyanya na ukazinywa zote, umekunywa bia nzima, nyanya haipunguzi pombe, inaisambaza tu.

Na nani kakuambia lazima uchague? Huko Wisconsin, Marekani, Bloody Mary inaletwa mezani na kaglasi kadogo ka bia pembeni, wanakaita snit. Unakunywa nyanya inakuchoma, unashusha na bia. Mi naipenda hiyo, ila iweke kwenye hesabu yako, na jua pia kwamba pilipili haizimwi na bia. Gesi na pombe vinaongeza mwasho, hata kama kwa sekunde mbili ubaridi unakudanganya. Aliyezidiwa na pilipili mpe maziwa.

Sasa ile hatari niliyosema nitakuja nayo. Miaka kama mitano iliyopita nilitengeneza jagi la Caesar nyumbani kwa kaka yangu, nikawa nagawa kwa kila anayekuja, nasema tu "ni nyanya na vodka, karibu". Shemeji yangu akachukua. Hajafika hata nusu akaniita, "Shem, umeweka nini humu?" Nikageuka nikaona mdomo wa juu umeanza kuvimba na anajikuna shingo. Yeye ana aleji ya viumbe wa baharini wenye magamba, familia nzima inajua, mi najua, na juisi niliyotumia ina kombe ndani na imeandikwa kwenye kopo. Nilikuwa nimeimimina kwenye jagi na kopo nikalitupa, na kwa sababu rangi ni ya nyanya na harufu ni ya nyanya hakuna aliyekumbuka kuuliza. Tulimkimbiza hospitali, akachomwa sindano, akapona, tunashukuru Mungu. Alinisamehe siku ileile, ila ule uso nimebaki nao. Kwa hiyo nakusihi, kabla ya kumimina Jumamosi uliza kila mgeni kwa jina ana aleji ya nini. Clamato ina kombe. Sosi ya Worcestershire ina samaki wadogo aina ya anchovi, kwa hiyo hata asiyekula samaki kwa sababu zake anywe akijua. Ukiibadilisha na sosi ya soya umekwepa samaki, ila sosi nyingi za soya zina ngano, na bia ya kawaida ina shayiri. Na usitupe makopo, yaache mezani yasomwe.

Chumvi nayo. Glasi moja ya juisi ya nyanya ya kopo iliyotiwa chumvi, mililita 240 hivi, inaweza kuwa na miligramu 600 za sodiamu au zaidi, na hapo hujaweka sosi wala chumvi ya ukingoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke miligramu 2000 kwa siku nzima. Bia karibu haina sodiamu. Kwa hiyo mwenye presha au mwenye shida ya figo, mpe nyanya isiyotiwa chumvi na umwambie ukweli, au mshauri aachane nayo, nyanya ina potasiamu pia na figo zenye shida haziipendi. Mwenye kiungulia, vyote viwili vina asidi, ila nyanya na pilipili na pombe kwa pamoja kabla ya kulala ni usiku wa kukaa kitako.

Na suala la kuzimua, maana najua kuna mtu atalitaja. Bloody Mary haiondoi hangova. Imesemwa miaka mingi na nimeiuza kwa sababu hiyo, nikiri. Kinachokusaidia humo ndani ni maji, chumvi na kitu tumboni, na hivyo vyote vipo kwenye juisi ya nyanya isiyo na vodka. Ile vodka inasogeza mbele deni tu. Ukiamka vibaya kunywa nyanya tupu na viungo vyake, maji mengi, kula, lala. Na uliyemeza dawa uliza kwanza daktari kabla ya kugusa chochote kati ya hivi.

Haya Jumamosi yako. Mi nisingechagua kwa niaba ya wageni nane, ningetengeneza mchanganyiko mmoja unaotumika pande zote. Ijumaa usiku chukua juisi ya nyanya lita 2. Limau nne, kamua. Sosi ya Worcestershire vijiko vinne vya chakula, kama uliowauliza wameruhusu, na kama kuna hata mmoja hawezi tenga lita moja ya kwake mapema kwenye jagi lake lenye alama. Sosi ya pilipili vijiko vinne vya chai kwa kuanzia. Pilipili manga iliyosagwa muda huohuo, siyo ya unga wa zamani, vijiko viwili vya chai. Chumvi usiweke kwanza! Juisi inayo na sosi inayo. Koroga, onja kwa kijiko, funika, weka friji. Chombo kiwe cha glasi au plastiki nzuri, siyo kopo lililofunguliwa. Kulala kwake usiku ni muhimu, pilipili manga inatoa harufu na limau linatulia.

Siku yenyewe anayetaka kokteli mwekee mililita 45 za vodka kwa 120 za mchanganyiko, na barafu, umiminie toka glasi hii kwenda ile kama nilivyoeleza. Asiyependa vodka, pombe ya jini (gin) inaleta harufu ya majani na inakubali sana, tequila inaleta kitu kama udongo na pilipili inaipenda. Anayetaka bia mwekee mililita 100 za mchanganyiko chini afu bia 200 juu, kwa kuinamisha. Anayeendesha gari, mjamzito na asiyekunywa pombe wapate mchanganyiko uleule na barafu, kwenye glasi ileile nzuri, na kijiti cha tango au seleri kama wenzao, maana hicho kinywaji kimekamilika hata bila pombe, na bia isiyo na kilevi ukiwa nayo itakaa juu ya nyanya bila shida yoyote.

Halafu Jumamosi asubuhi, kabla hawajafika, toa jagi kwenye friji, koroga mpaka chini maana viungo vinakuwa vimelala, na uonje tena kwa kijiko ikiwa baridi. Ladha ya jana usiku siyo ya leo. Mara nyingi chumvi inatosha na kinachopungua ni limau.